Ua la Nyanda Kame: Dodoma Izalishe Aina Yake au Inunue ya Wenzake?

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, nyumba zimeota kila upande wa mji hadi Mtumba, na mbele ya kila nyumba mpya kuna kipande cha udongo mwekundu kinachosubiri bustani. Mwenye nyumba anashauriwa apande ukoka, na siku hiyohiyo anaonywa kwamba ukoka utamfilisi kwa bili ya maji. Anaonyeshwa kwenye simu picha ya zulia la majani manene yenye maua ya waridi, anaambiwa linaitwa sedum na halihitaji maji. Akifika kwenye kitalu cha barabarani anakuta kila mmea wenye jani nene umepewa jina hilo. Hapo maswali yanaongezeka. Kwa nini nchi yenye mimea mingi kiasi hiki inunue maua ya bustani kutoka nje? Kuna ubaya gani kuchimba ya porini? Na mtu akikata kijiti kwa jirani akaenda kukipandikiza kwake, amevunja sheria ya hakimiliki?

Maswali haya ni matatu, ila yanaulizwa kwa pumzi moja: mmea gani unaifaa nyanda ya kati, nani aufanyie kazi ya kuuboresha, na nani ataumiliki. Kila moja lina jibu lake.

Sedum na ndugu zake

Sedum ni jenasi moja ndani ya familia kubwa ya mimea ya majani mazito ambayo wanasayansi huiita Crassulaceae. Familia hii ina namna yake ya kupumua. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana ili ivute hewa ya ukaa, na kwa kufungua hivyo hupoteza maji juani. Mimea ya familia hii hufungua usiku, wakati wa baridi, hewa ikaingia na kuhifadhiwa ndani ya jani kama asidi, kisha mchana milango inafungwa na kazi inaendelea ndani kwa ndani. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, aliyekuwa India, aliandika kwamba jani la mmea mmoja wa familia hii lilikuwa chachu alfajiri na halina ladha ifikapo mchana. Ulimi wake ulikuwa umegusa jambo ambalo maabara zilikuja kulieleza zaidi ya karne moja baadaye.

Sedum inayosifiwa kwenye picha, hata hivyo, ni mmea wa nchi za baridi. Ile maarufu kuliko zote, 'Herbstfreude', ilitoka katika kitalu cha Georg Arends huko Ujerumani na kuenea kuanzia miaka ya 1950. Ni chotara wa spishi mbili zinazokufa juu ya ardhi kila kipindi cha baridi kali na kuchipua upya. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, na mmea uliozoea kulala miezi mitatu chini ya theluji haujui ulale lini huku. Tanzania nayo ina sedum yake, Sedum meyeri-johannis ya Kilimanjaro, lakini hiyo huota kwenye magome ya miti ya misitu yenye ukungu. Ukiishusha Dodoma mwezi wa Oktoba umeihukumu kifo.

Ndugu anayefaa ni kalanchoe. Jenasi hii ina makazi yake makuu Madagaska na Afrika Mashariki, na zipo spishi zinazoota zenyewe kwenye mawe na vichaka vikavu vya kanda yetu: Kalanchoe lanceolata, Kalanchoe lateritia yenye maua ya rangi ya matofali, na nyingine. Kwa hiyo swali la kuzalisha sedum mpya kwa bustani, likiletwa Dodoma, linageuka kuwa swali la kuzalisha kalanchoe mpya.

Hesabu ya maji

Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi, upepo na jua. Ukoka unaotakiwa kubaki kijani katika hali hiyo unahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki, na milimita 25 kwenye mita moja ya mraba ni lita 25. Bustani ya mita za mraba 100, ambayo si kubwa, itakunywa lita 2,500 kwa wiki. Kwa wiki 30 za kiangazi hesabu inafika lita 75,000, sawa na maboza saba na nusu ya lita 10,000. Maji hayo mengi yanatoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, walikochimba vizazi viwili vya wahandisi na ambalo mji unalitegemea kwa sehemu kubwa.

Kampeni ya kuikijanisha Dodoma, iliyozinduliwa Desemba 2017, ilitilia mkazo miti, na ilikuwa sahihi kufanya hivyo. Lakini chini ya mti kuna ardhi, na ardhi iliyo wazi hupeperushwa na upepo wa Agosti hadi vyumbani. Kitu cha kuifunika bila kumaliza kisima ni hitaji la kweli. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoliona suala la maua kuwa anasa katika mkoa unaohangaika na mtama na uwele. Lita 75,000 kwa ua mmoja wa nyumba haziwezi kuitwa anasa ya wachache, kwa kuwa zinatoka kwenye kisima cha wote.

Msimamo wa kwanza: zipo tayari, zinunuliwe

Kuhusu mahali pa kuupata mmea huo, ipo misimamo mitatu. Wenye msimamo wa kwanza, wa kununua aina zilizopo, wana historia upande wao. Kalanchoe inayouzwa duniani kote kwenye vyungu vidogo, Kalanchoe blossfeldiana, ni ya milima ya Madagaska. Mwaka 1932 mfanyabiashara wa mbegu Robert Blossfeld wa Potsdam aliiingiza sokoni Ujerumani, na tangu hapo wazalishaji wa Denmark, Uholanzi na Ujerumani wamefanya kazi kwa miongo tisa: wameongeza idadi ya kromosomu, wamepanua rangi, wamepata maua yenye petali tabaka juu ya tabaka kama waridi. Kwa nini Dodoma ianze mwanzo wakati wengine wameshafika? Mche ni wa uhakika, unafanana na mwenzake, na muuza maua anajua utachanua rangi gani.

Udhaifu wake uko mahali ambapo mnunuzi haoni. Aina hizo zimechaguliwa ndani ya nyumba za vioo, kwa ajili ya dirisha la sebule ya Ulaya. Kalanchoe huchanua usiku unaporefuka, na mkulima wa huko huufanya usiku kwa pazia jeusi, giza la saa 14 kwa siku, kisha huupeleka mmea sokoni ukiwa tayari umejaa maua. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ambako tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote ni takriban dakika 40 tu. Mmea uliozoea pazia unaingia mahali ambapo ishara ya kuchanua ni dhaifu mno. Ongeza taa ya ulinzi inayowaka ukutani usiku kucha, na mmea huo unaweza kukaa miaka bila kutoa ua hata moja, mwenye nyumba akidhani udongo wake una kasoro. Aliyenunua ua anabaki na majani.

Kisha kuna udongo. Mimea ya vyungu hukuzwa kwenye mchanganyiko laini unaoshika maji, nao ukikauka kabisa kwa jua la Novemba huwa mgumu kulowana tena. Wengi humwagilia zaidi, mizizi inaoza, vidungata vinaingia, mmea unafia kwenye chungu chake. Mwaka unaofuata unanunuliwa mwingine.

Msimamo wa pili: pori limejaa, tuchukue

Huu ndio msimamo unaopendwa na watu wengi, na unaoeleweka kwa urahisi. Mmea uliokaa maelfu ya miaka kwenye miamba ya Ugogo, eneo la Dodoma, haufundishwi kiangazi. Hauna gharama ya uagizaji, na mtoto wa hapa anaujua.

Ila kuna mambo mawili. Kwanza, mmea wa porini haukuumbwa kwa ajili ya bustani. Kalanchoe nyingi za kwetu hurefuka shina kama fimbo, huchanua juu kabisa, kisha majani ya chini yanapukutika. Nyingine, kama Kalanchoe lanceolata, huishi msimu mmoja au miwili, zikatoa mbegu na kufa. Mtu anayeng'oa mimea kumi na kuipanga barazani hupata mimea kumi tofauti, na mwaka wa pili hupata pengo.

Pili, kung'oa kuna mwisho. Mishubiri ya porini inaonyesha hatari hiyo: isipokuwa Aloe vera ya mashambani, spishi zote za shubiri ziko kwenye orodha ya kwanza au ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hofu kwamba biashara ya kuzichimba ingezimaliza. Aloe dorotheae ya Handeni, yenye majani yanayogeuka mekundu juani, hupendwa na wakusanyaji wa nchi za mbali huku kwao ikihesabiwa miongoni mwa mimea iliyo karibu kutoweka. Mji unaokua kwa kasi ya Dodoma ukiamua kupamba kila ua kwa mimea ya kung'oa, vilima vya jirani vitabaki mawe matupu.

Kwa hiyo pori linafaa kuwa ghala la mbegu, na mbegu chache tu kutoka mimea mingi. Likifanywa kitalu, litaisha.

Msimamo wa tatu: tuzalishe yetu

Kazi yenyewe si ya maajabu. Ua la kalanchoe lina petali nne zilizoungana chini kama bomba, na ndani yake stameni nane. Mzalishaji huchagua chipukizi ambalo linakaribia kufunguka, hulipasua bomba kwa wembe, huondoa stameni zote kwa kibano kabla hazijamwaga chavua, kisha hupaka kwenye stigma chavua ya mmea mwingine aliouchagua, na kufunga uzi wenye lebo. Baada ya wiki kadhaa tunda linakauka na kupasuka. Ndani kuna mbegu laini kama vumbi la ugoro, mamia kwa mamia, za kunyunyiza juu ya mchanga wenye unyevu bila kufukia, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Mche huweza kuchanua ndani ya takriban mwaka mmoja. Mzalishaji anapoupata ule mmoja anaoutaka kati ya mamia, kazi ya kuufananisha inakuwa imekwisha: kila kijiti atakachokata na kupandikiza ni nakala kamili. Mtafiti wa mahindi huhitaji vizazi kadhaa ili kupata usawa huo.

Ndiyo sababu naona kalanchoe ni mahali pazuri pa kuanzia kwa nchi isiyo na mazoea ya kuzalisha maua. Mashamba ya Arusha, ya Naivasha, na ya ukingo wa Ziwa Victoria nchini Uganda yamekuwa yakikuza maua na vipandikizi kwa ajili ya wazalishaji wa Ulaya kwa miaka mingi. Mikono inayojua kukata, kuotesha na kukinga magonjwa ipo. Kinachokosekana ni ile hatua ya juu, ya mtu kuamua aina ipi izaliwe na kwa ajili ya nani.

Historia inatuuma hapa. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover alielezea ua dogo la zambarau lililotoka kwenye misitu ya Usambara, baada ya kuletewa kutoka kwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost na Royston huko Los Angeles kiliagiza mbegu zake kutoka Ujerumani na Uingereza, kikachagua miche kumi, na kutoka humo, pamoja na kazi ya wengine, zikazaliwa aina zinazohesabiwa kwa maelfu leo. Ua hilo liko kwenye madirisha ya dunia nzima. Kwa Tanga lilibaki ua la msituni, na baadhi ya spishi zake ziko hatarini kwa sababu misitu inakatwa. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa sheria ya kulinda haki ya nchi yenye mmea haikuwapo.

Udhaifu wa msimamo huu wa tatu, lakini, ni mzito, na wanaoutetea hawausemi vya kutosha. Kalanchoe zina sumu inayodhuru moyo wa mnyama. Nyanda ya kati ni nchi ya mifugo; mbuzi hupita mbele ya nyumba hata mjini, na kiangazi mnyama hula chochote cha kijani. Mwaka 1997 huko Australia, karibu na Moree katika jimbo la New South Wales, ng'ombe 125 walikufa baada ya kula kalanchoe ya Madagaska iliyokuwa imeenea kwenye njia ya mifugo. Na mmoja wa waenezi wabaya wa jamii hiyo ni chotara wa mikono ya binadamu, aliyezalishwa na Arthur Houghton huko Marekani katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya spishi mbili za Madagaska. Aliotesha vitoto kwenye kingo za majani, vikadondoka na kuota kila vilipodondokea. Uzuri huohuo wa kustahimili ukame ndio ulioufanya mmea huo uwe tatizo. Wafugaji wa Laikipia nchini Kenya, wanaohangaika na dungusi lililoletwa kama pambo na ua la boma, wanaijua hadithi hii kwa mmea mwingine.

Tatizo hili lina jibu la kisayansi, ingawa si kamili. Kalanchoe za kawaida zina kromosomu 34. Nyingi za sokoni zimeongezwa hadi 68. Ukichanganya mwenye 68 na mwenye 34 unapata mtoto mwenye 51, naye kwa kawaida hatoi mbegu hai. 'Herbstfreude' nayo ni tasa, na hiyo imesaidia maua yake yadumu muda mrefu. Mzalishaji wa Dodoma angeweza kuweka masharti mawili tangu siku ya kwanza: mzazi yeyote anayetoa vitoto kwenye kingo za majani asitumike kabisa, na aina itakayotoka iwe tasa. Sumu itabaki. Kwa hiyo mmea huu upandwe ndani ya uzio, na kitalu kimwambie mnunuzi hivyo kabla hajalipa.

Nani mwenye mali

Hapa ndipo penye uvumi mwingi. Tanzania Bara ina Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012, iliyochukua nafasi ya ile ya 2002, na Zanzibar ina ya kwake ya 2014. Tarehe 22 Novemba 2015 Tanzania ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Ili aina ilindwe lazima iwe mpya sokoni, itofautiane waziwazi na zinazojulikana, mimea yake ifanane, na isibadilike inapozalishwa tena. Ulinzi ni miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu.

Kutokana na hayo, mtu aliyeokota kalanchoe kilimani na kuipa jina la binti yake hajapata haki yoyote juu yake. Lazima awe amezalisha, au amegundua na kisha kuendeleza. Anayekata kijiti cha aina iliyolindwa kwa ajili ya bustani yake mwenyewe, bila biashara, hagusi haki ya mgunduzi. Anayekata vijiti elfu moja na kuviuza kwenye viriba barabarani anaigusa. Na mgunduzi wa Dodoma anaruhusiwa kutumia aina ya Denmark iliyolindwa kama mzazi wa aina yake mpya, mradi mtoto asiwe nakala ya mzazi iliyobadilishwa kidogo tu. Kipengele hiki cha mwisho kinaifaa sana nchi inayoanza, na hakijulikani.

Upande wa pili ni haki ya nchi juu ya mimea yake. Mkataba wa Bayoanuai wa 1992 ulitamka kwamba mali ya asili ni ya nchi iliyo nayo, na Itifaki ya Nagoya, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 2018, inataka ridhaa na mgawanyo wa faida kabla mbegu haijavuka mpaka kwa ajili ya utafiti. Kinga hiyo ni nzuri, lakini inalinda kitu kisichotumika. Nchi inaweza kumzuia mgeni asichukue kalanchoe yake na yenyewe isiifanyie lolote, mwisho wake bustani za Dodoma zikaendelea kujaa mimea ya Uholanzi.

Mizani

Msimamo wa kwanza unashinda kwa wepesi na unashindwa kwa jua la Oktoba. Wa pili una ustahimilivu lakini hauwezi kuhimili mji wa ukubwa huu. Wa tatu unahitaji subira ya miaka kadhaa na nidhamu kuhusu sumu na uenezi, ila ndio pekee unaoweza kuunganisha jani la Ugogo na ua la Potsdam katika mmea mmoja mfupi, unaokaa Mei hadi Novemba bila boza na unaochanua bila pazia. Gharama yake ni ndogo kwa kipimo cha utafiti: kivuli cha wavu, meza za mchanga, wembe, daftari na watu wawili wenye subira. TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho nje kidogo ya mji, kimeshaonyesha kwa zabibu kwamba mmea wa wageni unaweza kuchaguliwa hadi ukawa wa Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye nyumba wa leo ni kupanda miti kwanza, kufunika ardhi kwa mimea ya majani mazito iliyooteshwa kitaluni badala ya kung'olewa kilimani, kuiweka ndani ya uzio, na kuzima taa iliyo juu yake usiku. Kwa TARI na chuo, ombi ni moja: kusanyeni mbegu kidogo, kwa kibali, kutoka vilima vya Dodoma, Kondoa na Singida, mzioteshe bila kumwagilia katika kiangazi kizima, na mwone ni miche gani bado imesimama ifikapo Novemba. Wazazi wa aina ya kwanza ya nyanda ya kati watapatikana humo.